Suti Nyembamba, Risasi Zilezile: Kutafuta Kosa Unapotoka Bwawa la Nairobi Kwenda Baharini

Anayejifunza kuzamia Nairobi hufanya mazoezi yake ya kwanza kwenye bwawa la kuogelea, mara nyingi lisilopashwa moto, katika mji ulio mita 1,795 juu ya usawa wa bahari. Kwa baridi ya Julai si rahisi kukaa humo saa nzima bila suti ya kuzamia ya mpira, yenye unene wa milimita 5. Kisha safari ya Pwani inawadia. Maji ya Diani, Watamu na Kisite yana nyuzijoto 25 hadi 29 kutegemea msimu, kwa hiyo suti nene inabaki nyumbani na inayopakiwa ni ya milimita 3, au ile fupi inayoishia juu ya magoti. Ndani ya treni hesabu ya risasi, vile vipande vya madini vinavyovaliwa mkandani au mifukoni ili uzame, inafanywa kichwani: suti imepungua, basi na risasi zipungue.

Hesabu hiyo ni nusu tu. Maji nayo yamebadilika. Bwawani hamna chumvi, baharini imo, na maji ya chumvi hukunyanyua zaidi. Suti inasema punguza risasi, chumvi inasema ongeza. Karibu kila tatizo lililoelezwa hapa linatokana na mtu kusikiliza upande mmoja. (Tunaposema jaketi tunamaanisha lile unalolitia na kulitoa hewa ili uelee.)

Namba tatu za kujua kwanza

Ya kwanza ni suti. Neoprini ni mpira uliojaa viputo vidogo vya gesi, na viputo hivyo ndivyo vinavyokataa kuzama. Kwa mtu mzima wa umbo la kawaida, suti ndefu ya milimita 5 ikiwa mpya hunyanyua takriban kilo 4 hadi 5. Ya milimita 3 hunyanyua kilo 2 hadi 2.5, na suti fupi ya milimita 3 kilo 1 hadi 1.5. Hizi ni namba za kuanzia tu. Suti ya mtu wa futi sita ina mpira mwingi kuliko ya mtu wa futi tano. Suti iliyotumika miaka mingi, au ya mitumba, viputo vyake vimekwisha kubanwa na kupasuka, na huenda ile milimita 5 iliyoandikwa kolani ikanyanyua kama milimita 4 tu.

Kwa hiyo pima yako. Unahitaji mfuko wa wavu (ule wa gunia la vitunguu unafaa ukiwa mzima) na vipande vya risasi vya kilo 1 na vya nusu kilo. Loweka suti kwa dakika tano. Kisha, ikiwa bado chini ya maji, ikamue kwa mikono kuanzia vifundoni kuelekea shingoni. Viputo vikubwa vitatoka mikononi na nyuma ya zipu. Vile vidogo, kama punje za mtama, vitabaki vimeng'ang'ania kitambaa cha magotini na makwapani. Vipanguse kwa kiganja mpaka viishe, maana kila kiputo kilichobaki kitakudanganya. Itie suti wavuni, ongeza risasi moja baada ya nyingine, na uuachie mfuko mahali penye kina cha mita moja. Ukiona haupandi wala haushuki, umetulia palepale huku ukizunguka taratibu, jumla ya risasi zilizomo ndiyo nguvu ya suti hiyo. Rudia na suti ya pili siku hiyohiyo katika bwawa lilelile. Tofauti ya majibu hayo mawili ndiyo namba yako, na ina thamani kuliko jedwali lolote.

Ya pili ni chumvi. Lita moja ya maji ya bwawa ina uzito wa kilo 1. Lita moja ya maji ya bahari ina kama kilo 1.025. Tofauti hiyo, asilimia 2.5, huhesabiwa juu ya kila kitu kilichozama, si juu ya mwili peke yake. Mtu wa kilo 70 akivaa mtungi wa hewa, jaketi, regyuleta (kifaa cha kupumulia), suti, mapezi na risasi hukaribia kilo 100. Kwa hiyo akitoka bwawani kuingia baharini na vifaa vilevile, anahitaji takriban kilo 2.5 za ziada. Mtu wa kilo 50 atahitaji karibu kilo 2, na wa kilo 90 atahitaji 3.

Ya tatu ni mtungi. Ule wa alumini wa lita 11.1, ambao ndio utakaokabidhiwa mahali pengi, ukijaa baa 200 (baa ni kipimo cha mgandamizo) huzama kidogo, na ukibaki na baa 50 huelea. Hewa ina uzito: baa 150 ulizotumia kutoka mtungi huo ni kama lita 1,665, na lita moja ya hewa ina gramu 1.2, kwa hiyo umepumua kilo 2 nzima. Kilo 2 ni pakiti moja ya unga wa ugali. Uliianza mbizi ukiwa nayo na unaimaliza ukiwa huna.

Sasa weka namba hizo pamoja. Chukua mtu wa kilo 70 aliyekuwa sawa bwawani kwa kilo 6, suti ya milimita 5, mtungi wa alumini ukiwa umebaki na baa 50. Mfuko wa wavu ulimwonyesha kwamba suti yake nene inanyanyua kilo 4.5 na ile nyembamba 2.5. Anaondoa 2 kwa ajili ya suti, anaongeza 2.5 kwa ajili ya chumvi, anapata 6.5. Yaani baada ya kubadilisha suti anahitaji risasi zaidi kidogo, si pungufu. Aliyepunguza kilo 2 na kuishia hapo ameingia baharini na 4, na atapata taabu. Lakini mtu ambaye kilo zake 8 zilipimwa baharini akiwa na milimita 5, na sasa yuko bahari ileile na milimita 3, chumvi haimhusu tena. Yeye anaondoa 2 na kubaki na 6. Kabla ya kufanya hesabu yoyote, jiulize namba yako ya zamani ilitoka maji gani.

Kimo cha Nairobi nacho kina mchango mdogo. Hewa ya hapa ina mgandamizo wa kama asilimia 80 ya ule wa Mombasa, kwa hiyo viputo vya neoprini vimetanuka kidogo na suti inanyanyua zaidi kidogo kuliko itakavyonyanyua ufukweni. Usikihesabu. Kipimo cha mwisho kule kule baharini kitakionyesha.

Hukubali kushuka mwanzoni

Umetoa hewa kwenye jaketi, wenzako wako chini mita tatu wanakungoja, na wewe bado unaelea kifua kikiwa nje. Wengi hudai risasi papo hapo. Subiri kwanza, kwa sababu huenda uzito si kosa.

Angalia miguu. Mtu mwenye wasiwasi hupiga mapezi bila kujua, na kila pigo linamsukuma juu. Fungamanisha vifundo vya miguu na utulie. Angalia jaketi: hewa hukaa sehemu iliyo juu zaidi, kwa hiyo ukiwa umelala chali imejificha mbali na mpira wa kutolea hewa, lile bomba la begani. Simama wima, inua mpira huo juu ya bega la kushoto mpaka mkono unyooke, bonyeza, na uinamishe mwili kidogo upande wa kulia. Sikiliza mlio mpaka unyamaze. Angalia suti: kama ni mpya au imekauka kabisa, kitambaa chake kimeshika hewa. Vuta kola maji yaingie, na ujipanguse mikono na mapaja. Mwisho angalia pumzi. Mapafu ya mtu mzima yanaweza kubadilisha ueleaji wako kwa kilo 2 hadi 3, na anayepumua juujuu mapafu yakiwa yamejaa anavaa boya kifuani. Pumua nje polepole, mpaka mwisho, kisha usubiri sekunde tatu kabla ya kuvuta tena. Mwili hauzami mara moja. Unahitaji muda huo.

Ukiyafanya yote manne na bado unaelea, sasa ni uzito. Ongeza kilo 1. Ukiwa umesahau chumvi kabisa itabidi uongeze 2, lakini ongeza moja kwanza na upime upya.

Kosa lingine liko kwenye boti lenyewe. Unamwambia mhudumu "nipe sita" na anakupa vipande sita. Vya nini? Vipo vipande vilivyopimwa kwa kilo na vipo vilivyopimwa kwa ratili, na kipande cha ratili 4 ni kilo 1.8 tu. Geuza kila kipande usome mhuri wake kabla ya kukipitisha mkandani.

Unashuka kama jiwe

Hili ni la mtu aliyebeba risasi za suti nene aliyoizoea baharini, au aliyeongezewa mbili na mwalimu siku ya kwanza ili akae chini atulie, kisha hakuna aliyeziondoa. Dalili haziishii kwenye kasi ya kushuka. Masikio hayapati muda wa kusawazisha. Ukifika kwenye matumbawe unalazimika kujaza jaketi mpaka libane mbavu, na hata hivyo kifua kinaelea huku kiuno kikizama, umesimama kama mtu anayepanda ngazi. Mapezi yanatimua mchanga. Katika hifadhi kama ya Watamu au Kisite, mpiga mbizi mwenye risasi nyingi mno ndiye anayevunja tumbawe kwa goti.

Hatari kubwa zaidi iko wakati wa kupanda. Tuseme una kilo 3 za ziada. Ili uelee kwenye mita 18, ambako mgandamizo ni baa 2.8, umetia jaketini lita 3 za hewa zisizohitajika. Ukipanda hadi mita 10 hizo lita 3 zimekuwa 4.2, na kwenye mita 5 zimekuwa 5.6. Usipozitoa njiani, kila mita unayopanda inakuongezea kasi ya kupanda. Ndiyo sababu mtu mwenye risasi nyingi hulalamika kwamba "jaketi linanirusha". Jaketi halina kosa. Limebebeshwa hewa ya kuinua risasi ambazo hazikutakiwa kuwepo.

Tiba si kuondoa kilo 4 kwa mpigo. Ondoa 1, fanya mbizi nzima, angalia hali yako mwishoni, kisha uondoe nyingine. Ukiwa na safari ya siku mbili na mbizi nne, utakuwa umefika penye kipimo chako bila kujihatarisha.

Mwanzo mzuri, lakini kwenye mita 5 unanyanyuliwa

Hili ndilo tatizo linalowashangaza watu zaidi na ndilo linalostahili muda. Mbizi ilikwenda vizuri. Ulishuka bila shida, ukaelea sawasawa juu ya matumbawe, ukampongeza aliyekupangia risasi. Dakika arobaini baadaye uko kwenye kituo cha usalama, kile cha kusimama kabla ya kutoka majini, mita 5 kwa dakika 3, na kitu kinakuvuta juu. Jaketi liko tupu. Unapiga mapezi kichwa kikiwa chini ili ubaki pale, unashika kamba ya boya, na mwisho unachomoza kabla ya wakati.

Sababu ni mbili, na zinakuja kwa pamoja. Mtungi umepoteza ile pakiti ya unga. Na suti, iliyokuwa imebanwa ulipokuwa chini, imejikunjua. Kwenye mita 20 mgandamizo ni baa 3 na viputo vya neoprini hubaki na kama theluthi ya ukubwa wake. Ukirudi mita 5 vinarejea karibu theluthi mbili. Kwa suti nyembamba mabadiliko haya ni madogo, na hiyo ni faida yake kubwa: ile ya milimita 5 ikipoteza kilo 3 chini, ya milimita 3 hupoteza kama 1.5, kwa hiyo utaligusa jaketi mara chache zaidi. Lakini mtungi haujali suti uliyovaa. Kilo 2 zake zitaondoka palepale.

Kosa lilifanyika asubuhi, ulipopimwa uzito mtungi ukiwa umejaa. Kipimo cha kweli hufanywa mwisho wa mbizi, geji ikionyesha baa 50, hivi:

Kaa juu ya maji penye utulivu, regyuleta mdomoni, mwenzako karibu. Simama wima bila kupiga mapezi wala kupepea mikono. Toa hewa yote jaketini. Vuta pumzi ya kawaida, si ya kujaza kifua, na uizuie kwa sekunde chache tu. Maji yanapaswa kukata kioo cha barakoa katikati: nusu ya juu unaona boti na anga, nusu ya chini unaona mapezi yako. Sasa toa pumzi mpaka mwisho. Mstari wa maji utapanda taratibu, utafunika kioo, kisha utosi, na utaanza kushuka kama jani lililolowa. Kama ulitoa pumzi yote na bado macho yako juu ya maji, ongeza kilo 1. Kama ulizama ukiwa bado umeshika pumzi, ondoa 1. Rudia mpaka mstari ukae machoni.

Ukilazimika kupima kabla ya mbizi, mtungi wa alumini ukiwa umejaa, fanya vilevile kisha ongeza kilo 2 juu ya jibu. Ukipewa mtungi wa chuma, mambo hubadilika tena: wenyewe ni mzito zaidi majini na kwa kawaida hauelei hata ukiisha, kwa hiyo mara nyingi utapunguza kama kilo 2 ukilinganisha na alumini. Uliza mtungi ni wa nini kabla ya kufunga mkanda. Usikisie kwa macho, rangi ya nje haisemi chochote.

Na kama tayari uko mita 5, unanyanyuliwa, na hakuna risasi? Mwenzako akiwa nazo za kutosha anaweza kukupa kipande kimoja kidogo. Kama hawezi, shika kamba, geuza mwili uwe wima ili hewa iliyobaki jaketini itoke, na upumue sehemu ya chini ya mapafu, pumzi fupi za ndani na ndefu za nje. Usiache kupumua hata mara moja.

Miguu inazama, au kichwa

Suti ya milimita 5 ilikuwa na mpira mwingi mapajani na miguuni, na huo ulikuwa ukikusaidia kulala. Ukivaa suti fupi, kuanzia magotini kwenda chini hakuna tena kinachoelea, na kama mapezi yako ni ya mpira mzito, miguu inaporomoka. Jumla ya kilo inaweza kuwa sahihi kabisa na bado ukaogelea umeinamia nyuma. Usiongeze wala usipunguze. Hamisha.

Toa kilo 2 mkandani, moja kila upande, uzitie kwenye mifuko midogo inayofungwa juu ya mkanda wa mtungi, karibu na mabega. Kama huna mifuko hiyo, legeza mkanda wa mtungi na uusogeze mtungi juu sentimita 4 au 5, kisha ukaze tena; hakikisha ukiinua kichwa hakigongi vali. Jaribu kwa kulala tumbo kifudifudi mita mbili juu ya mchanga bila kusogea kwa nusu dakika. Upande unaozama kwanza ndio wenye uzito mwingi. Mtu ambaye kichwa ndicho kinachozama afanye kinyume: ateremshe mtungi, arudishe risasi kiunoni. Risasi za kufunga vifundoni hazifai hapa hata kidogo, zinakuchosha kila pigo la pezi.

Katika kuhamisha huku kuna mpaka. Risasi zilizofungwa kwenye mkanda wa mtungi huwezi kuzitupa kwa dharura. Angalau nusu ya uzito wa risasi zako ibaki mahali unapoweza kuuachia kwa mkono mmoja, mkandani au kwenye mifuko ya kuchomoa ya jaketi, ili ukiutupa uelee juu ya maji bila kutegemea jaketi.

Unapinduka upande mmoja

Hesabu vipande: kushoto na kulia vilingane. Kama vinalingana, kagua mtungi kama umefungwa katikati ya mgongo, halafu uangalie tochi au kamera inayoning'inia upande mmoja.

Mkanda unateleza, unazunguka au unaumiza nyonga

Mkanda uliokatwa kwa kipimo cha suti nene utakuwa mrefu ukivaa nyembamba. Ncha inayobaki baada ya kifungo isizidi sentimita 15 hadi 20. Ikizidi hujichomeka chini ya jaketi na siku ya kuhitaji kuutupa mkanda utakwama. Ukitaka kukata, choma ncha kwa kiberiti ili nyuzi zisifumuke.

Kuzunguka kunatokana na vipande kutelezeshwa bila kufungwa. Pitisha mkanda kwenye tundu la kwanza la kipande, uusokote nusu mzunguko, kisha upitishe tundu la pili. Hapo kipande hakisogei. Weka vipande mbele ya nyonga na kando, viache nafasi ya mgongo katikati kwa ajili ya mtungi.

Maumivu ni ya suti nyembamba zaidi: ile milimita 2 iliyoondoka ilikuwa godoro. Risasi za chembechembe zilizoshonewa kwenye vifuko laini hukaa vizuri zaidi kiunoni kuliko vipande vigumu, na kama mna uwezo wa kuchagua, chukueni hizo. Funga mkanda ukiwa umeinama mbele, risasi zikiwa zimelalia mgongo, si ukiwa wima ukizinyanyua kwa tumbo.

Uzito uko sawa, lakini hewa inaisha haraka

Umepita kipimo cha macho, umelala vizuri, na bado mtungi unafika baa 50 kabla ya wenzako. Kabla hujazigusa risasi tena, uliza kama ulihisi baridi. Wakati wa Kusi, kati ya Juni na Septemba, maji ya Pwani hupoa, na suti fupi iliyotosha Machi haitoshi kwa mbizi ya pili ya asubuhi Agosti. Mwili unaotetemeka hupumua haraka, na anayepumua haraka huwa na mapafu yaliyojaa, kwa hiyo hujihisi anaelea na kuomba risasi zaidi. Anachohitaji ni fulana ya neoprini ndani ya suti. Fulana ya milimita 2 nayo hunyanyua, kama nusu kilo hadi kilo 1, kwa hiyo ipime kwenye wavu uleule na uiandike.

Cha kuandika, na saa za kurudi

Baada ya kila mbizi andika kwenye daftari lako: suti na unene wake, maji ya chumvi au ya bwawa, mtungi wa nini na lita ngapi, kilo ngapi na ziko wapi, baa zilizobaki, na mstari wa maji ulikata wapi. Maneno "kilo 6 zilitosha" hayatakusaidia mwaka ujao. "Kilo 6.5, milimita 3, Diani, alumini 11.1, baa 50, machoni" yatakusaidia. Kwa hiyo pia huna haja ya kusafirisha risasi zako kwenye treni. Utazikuta huko, na utajua za kuomba.

Panga saa ya mbizi ya mwisho kabla ya kukata tiketi. Mwongozo wa DAN, shirika la usalama wa wapiga mbizi, unataka saa 12 baada ya mbizi moja isiyo na vituo vya lazima vya kusimama wakati wa kupanda, na saa 18 baada ya mbizi nyingi au za siku kadhaa, kabla ya kupanda mwinuko wa kati ya mita 600 na 2,400. Nairobi iko ndani ya kiwango hicho. Haijalishi unapanda kwa ndege, kwa basi la usiku au kwa treni ya SGR, nitrojeni ya mbizi iliyobaki damuni mwako inapanda mwinuko uleule. Mbizi ya asubuhi na treni ya alasiri siku hiyohiyo haviendi pamoja.

Ukirudi bwawani na suti yako ya milimita 5, igeuze hesabu: ondoa 2.5 za chumvi, rudisha 2 za suti. Kutoka 6.5 unarudi kwenye 6.